Nilikuwa wa kwanza tawini, sasa wateja nawaona kama namba

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni afisa mikopo kwenye taasisi ndogo ya fedha hapa Kigoma. Nina miaka 31 na huu ni mwaka wangu wa tano kazini. Wateja wangu wako Mwanga, Ujiji, Katonga na Kibirizi: akina mama wa dagaa, wenye mitumbwi, wauza mawese, wachache wa vitenge. Wanakopa kuanzia laki tatu hadi milioni mbili na wanarejesha kila wiki kupitia vikundi vyao.

Miaka mitatu ya mwanzo nilikuwa wa kwanza tawini. Nilijua mtoto wa nani anaumwa na mtumbwi wa nani umevunjwa na mawimbi. Mwaka jana mwenzangu mmoja aliacha kazi, hakuletwa mwingine, wateja wake nikapewa mimi. Nilikuwa nao 210, sasa ninao 380. Meneja alisema ni kwa muda tu. Imetimia miezi kumi na moja.

Naingia saa 1 asubuhi, natoka saa 2 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi hadi mchana. Kundi la WhatsApp la tawi linaamka saa 11 alfajiri: nani yuko wapi, makusanyo ya leo yako wapi. Saa 4 usiku bado linalia. Kila Jumatatu kikaoni meneja anasoma majina ya maafisa wenye marejesho yaliyochelewa, mbele ya wote, hata mlinzi na dada wa usafi wakiwepo. Wiki nyingine nafikisha malengo. Wiki nyingine hata nifanye nini sifikishi, na sioni nilipokosea, maana juhudi ni ile ile.

Jumapili ikifika magharibi moyo unaanza kwenda mbio. Naamka saa 9 usiku nikihesabu majina ya wateja. Mume wangu anasema nimekuwa mkali na sitaki kuongea. Sikukuu iliyopita nilikwenda kwetu Kasulu siku nne. Siku ya pili nilicheka kama zamani na usiku nikalala mpaka kukakucha. Siku ya kurudi, yote yakarudi.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Wiki mbili zilizopita nilikwenda Kibirizi kwa mama mmoja aliyechelewesha marejesho mawili. Nilimkuta akigeuza dagaa kwenye kichanja, mikono imejaa magamba yanayong'aa. Akanikaribisha, akanieleza kwamba mumewe hajaingia ziwani siku ya sita, ni mbalamwezi. Huku anaongea akafunga dagaa kidogo kwenye gazeti, nipeleke nyumbani. Mimi nilikuwa nimeshatoa simu, napiga picha vichanja vyake, nakadiria vikiuzwa vitatoa shilingi ngapi. Sikumjibu. Nilipopanda bodaboda na kugeuka, alikuwa bado amesimama na lile gazeti mkononi.

Sikuwa mtu wa hivyo. Je, nimekuwa mvivu? Nimeingiwa na roho mbaya? Ni ugonjwa wa akili? Niandike barua ya kuacha kazi? Mshahara huu ndio unaolipa pango na ada ya mdogo wangu.

Afisa mikopo, Kigoma

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Hujawa mvivu. Mvivu haamki saa 9 usiku kuhesabu majina ya wateja. Wala hujaingiwa na roho mbaya. Mwenye roho mbaya hageuki kwenye bodaboda kutazama alikotoka. Unachokieleza kinajulikana vizuri. Shirika la Afya Duniani limekitaja kwenye orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, ila kwa uangalifu: halikukiita ugonjwa, limekiita hali itokanayo na kazi, yaani msongo wa kazini uliodumu muda mrefu bila kushughulikiwa. Mimi nitakiita uchovu sugu wa kazi. Dalili zake ni tatu na zote umeziandika mwenyewe: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi pamoja na watu wake, na kujiona huiwezi tena kazi uliyokuwa ukiimudu.

Dalili ya pili ndiyo inayokutisha, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyeandika juu ya hali hii mwaka 1974, aliiona kwa watu waliokuwa wakihudumu kwenye kliniki ya bure huko New York. Hawakuwa wategaji kazi, walikuwa watu walioingia kwa moyo wote. Baadaye Christina Maslach wa chuo kikuu cha California, Berkeley, pamoja na Susan Jackson, walitunga mwaka 1981 maswali 22 ya kuipima, wakianzia kwa wale ambao kazi yao ni kuhudumia watu. Ule ubaridi ni kinga. Mtu hawezi kubeba shida za wateja 380 kwa moyo ule ule aliobebea za 210, kwa hiyo akili inafunga mlango. Inakufa ganzi. Kwa siku moja ganzi inasaidia, unamaliza mzunguko. Lakini kile kilichokuwa kikikupa nguvu, kumjua mtoto anayeumwa na mtumbwi uliovunjika, nacho kinabaki nje ya mlango. Ndiyo maana siku hizi kazi inachukua tu, hairudishi kitu.

Tuhesabu, kwa sababu naona umejilaumu bila kuhesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Toa saa 5 za vikao na saa 10 za njiani kati ya Mwanga, Ujiji na Kibirizi; zinabaki 30, sawa na dakika 1,800. Ukizigawa kwa wateja 210, kila mmoja anapata dakika 8 na nusu hivi. Ukizigawa kwa 380, anapata dakika 4 na sekunde 44. Ndani ya hizo umsalimie, upokee maelezo, uandike, uingize kwenye mfumo. Dakika 4 zinatosha kupiga picha vichanja. Hazitoshi kusikiliza habari ya mume ambaye hajaingia ziwani.

Hata hivyo sidhani kwamba wingi wa wateja ndio mzizi. Mzizi uko kwenye sentensi uliyoiandika kama ya kupita: "Wiki nyingine hata nifanye nini sifikishi." Jibu lake alikupa yule mama, ila hukuwa na dakika za kulipokea. Mbalamwezi.

Wewe ni mtu wa Kigoma, unajua dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Taa inawavuta kwa sababu maji yote mengine ni giza. Mwezi ukijaa, ziwa lote lina mwanga, taa haina kazi, mitumbwi inapumzika karibu wiki nzima. Mwezi mwandamo una siku 29 na nusu. Marejesho yako ni kila baada ya siku 7. Maana yake, katika kila marejesho manne, moja linaangukia juma ambalo Kibirizi na Katonga hakuna pesa. Na haikauki kwa mvuvi peke yake. Mama wa vichanja hana cha kuanika, mama ntilie wa mwaloni hana wa kumpikia, bodaboda hana gunia la kubeba. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, hali hiyo ya wiki moja ilikuwa ya miezi mitatu. Malengo yanayodai kiasi kile kile kila Ijumaa yametungwa na mtu asiyetazama mwezi, na wewe ndiye unayesomwa jina Jumatatu.

Hili ndilo linalovunja moyo wa kazi kuliko saa nyingi. Mtafiti Robert Karasek alionyesha mwaka 1979 kwamba kazi inayomchosha mtu akili zaidi ni ile yenye madai makubwa huku mtendaji hana kauli juu ya namna ya kuifanya. Kabla yake, mwaka 1967, wanasaikolojia Martin Seligman na Steven Maier waliwapa mbwa mshtuko wa umeme ambao hawakuweza kuuzuia kwa namna yoyote. Baadaye, hata pale njia ya kutoka ilipokuwa wazi, wengi walikaa tu. Watu wakasema mbwa wale wamejifunza kukata tamaa. Lakini mwaka 2016, baada ya miaka mingi ya kuchunguza ubongo, watafiti hao hao wawili waliandika kwamba walikuwa wamelisoma kinyume. Kukaa tu ndilo jibu la kwanza la ubongo mateso yakirefuka. Kinachojifunzwa ni kwamba mkono wangu unabadilisha kitu.

Kwa hiyo sitakuambia ujikaze wala ujipe moyo. Umejikaza miezi kumi na moja. Taasisi nyingi hali ikifika hapa huleta mtu wa kuhamasisha, wafanyakazi wakapiga makofi, kesho yake marejesho ni yale yale na mwezi ni ule ule. Hilo linaniuma, kwa sababu linamwachia mfanyakazi aamini kwamba kasoro iko ndani yake. Tutafute mahali ambapo mkono wako unaweza kubadilisha kitu, hata kama ni padogo.

Kabla ya meneja, mwone daktari. Uchovu una sababu nyingine zinazofanana na huu. Mwombe apime wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, na hapo hata mapumziko ya mwezi hayatakurudishia nguvu. Apime pia malaria, ujauzito na tezi ya shingo. Kisha mweleze usingizi wako na hali ya moyo. Kucheka kule Kasulu ni dalili njema: uchovu wa kazi kwa kawaida hulegea ukiwa mbali na kazi, wakati sonona humfuata mtu hata akienda kwao. Lakini mpaka kati ya hivi viwili si mstari mnyoofu. Ukiona wiki mbili mfululizo huzuni au kutopendezwa na chochote kunakaa karibu siku nzima, hata Jumapili, hata ukiwa na mumeo, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, uombe kuonwa kwa afya ya akili. Mawazo ya kutaka kufa yakikujia, ni siku hiyo hiyo, na usiende peke yako. Vidonge vya usingizi vya kununua dukani achana navyo. Daktari akiona unahitaji kupumzika, sheria inakupa hadi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi uwe na cheti cha daktari.

Sasa usiku. Sabine Sonnentag, mtafiti wa Ujerumani, amechunguza kwa miaka mingi kinachomrudishia mfanyakazi nguvu baada ya kazi, na jambo mojawapo lenye uzito ni akili kutoka kazini, si miguu tu. Wewe miguu inatoka saa 2, akili inabaki kwenye WhatsApp mpaka saa 4 na inarudi huko saa 11. Dakika kumi za mwisho ofisini, kabla hujafunga droo, chukua karatasi uandike wateja watatu wa kwanza wa kesho, utaanzia wapi, na jambo moja lililobaki bila kumalizika pamoja na saa utakayolishughulikia. Iache karatasi ofisini. Inaonekana ndogo, lakini akili inakuamsha saa 9 kwa sababu inaogopa kusahau. Ikijua kitu kimeandikwa mahali, inaachia. Ukifika nyumbani badili nguo kwanza, kabla ya kukaa. Kundi la tawi lizimie sauti kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 na nusu asubuhi, lakini usifanye kimyakimya. Mwambie meneja: "Kukiwa na dharura kama ajali au wizi, nipigie, nitapokea. Taarifa za makusanyo nitazijibu saa 12 na nusu." Kosa la wengi ni kuzima tu, meneja akahisi dharau, wiki ya pili wakawasha tena kwa woga. Ukiamka saa 9 na usingizi usirudi ndani ya dakika 20 hivi, toka kitandani, kaa sehemu yenye mwanga hafifu, simu isiwe mkononi.

Jambo la tatu ni daftari. Utaliandika kila siku kwa mzunguko mmoja wa mwezi mwandamo, siku 29 au 30, yaani karibu marejesho manne. Kila jioni andika tarehe ya kawaida na ya mwandamo (kalenda ya Kiislamu ipo ukutani kwenye duka lolote la Ujiji), kiasi kilichotakiwa, kiasi kilichoingia, nguvu zako asubuhi na jioni kati ya 0 na 10, na kitu kimoja kilichokunyonya zaidi siku hiyo. Kimoja tu. Maslach na mwenzake Michael Leiter walipanga sehemu sita ambazo mtu na kazi huachana: wingi wa kazi, kauli juu ya kazi, malipo na shukrani, ushirikiano, haki, na maadili. Mwisho wa mzunguko soma vile vitu vyako na kila kimoja ukipeleke kwenye mojawapo ya sita. Wengi hudhani wingi wa kazi utaongoza. Nikisoma barua yako natarajia kauli na haki viongoze, lakini usiniamini mimi, liamini daftari.

Huhitaji kungoja daftari lijae ndipo uongee na meneja. Mfumo wa tawi una marejesho ya miezi mitatu iliyopita. Chukua wateja wako wa Kibirizi na Katonga peke yao, uweke pembeni tarehe za mwandamo, kisha piga mstari chini ya siku kati ya tarehe 12 na tarehe 18 za mwandamo. Kama ucheleweshaji umerundikana humo au siku chache baadaye, una ushahidi usiohitaji kuinua sauti.

Omba dakika 20, Alhamisi asubuhi. Jumatatu amebeba kikao, Ijumaa amebeba makusanyo, na mwisho wa mwezi hasikii mtu. Nenda na ukurasa mmoja: wateja 380, dakika 4 na sekunde 44, na ile chati ya mwezi. Omba kitu kimoja. Ukienda na sita ataona malalamiko, ukienda na kimoja ataona kazi. Ningekuwa nachagua, ningechagua ratiba ya wavuvi. Mteja anayelipa 30,000 kila wiki anatoa 120,000 kwa wiki nne. Mwombe meneja amruhusu mteja huyo alipe 40,000 mara tatu katika wiki za giza, na wiki ya mbalamwezi iwe wazi. Kiasi ni kile kile. Sema hivi: "Meneja, hawa wateja 60 wanachelewa wiki ya mbalamwezi kila mara. Naomba tujaribu ratiba hii kwa vikundi viwili, mizunguko miwili, kisha tulinganishe." (60 nimeiweka kwa mfano, tumia idadi yako.) Kumbuka mwandamo ni mfupi kuliko mwezi wa kawaida, kwa hiyo wiki ya mbalamwezi inasogea, ratiba iandikwe upya kila mzunguko, mwenyekiti wa kikundi apewe nakala, la sivyo baada ya miezi michache utajikuta umerudi kudai kwenye mwanga.

Anaweza kukataa. Huenda naye anasomwa jina kwenye kikao cha kanda, na mfumo wa makao makuu haumruhusu kubadilisha tarehe. Usibishane. Shuka kwenye ombi la pili, ambalo halihitaji ruhusa ya mtu wa juu: majina yasisomwe hadharani, kila afisa aone takwimu zake faragha na kikao kijadili sababu. Mpe hoja inayomgusa. Mtafiti William Kahn aliandika mwaka 1990 kwamba mtu hutia moyo wake kazini pale anapoona kazi ina maana, anapojisikia salama kusema, na anapobaki na nguvu za kutumia. Mahali ambapo kusema ukweli kunaaibisha, maafisa huficha. Mkopo unaoyumba hausemwi mpaka umekuwa chechefu, yaani haulipwi tena, na wengine huanza kumlipia mteja rejesho kutoka mfukoni ili jina lisisomwe. Kama umeshaanza hilo, acha leo. Linaharibu mshahara wako, linampotosha mteja, na siku ya ukaguzi litaonekana kama udanganyifu.

Ombi la tatu ni wateja 170 wa mwenzako. Hapa sheria iko upande wako. Saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku, ukitoa saa moja ya chakula, ni saa 12 kwa siku, na 12 ndicho kikomo cha siku hata ukijumlisha ziada. Kwa siku tano ni 60, ongeza 5 za Jumamosi, ni 65. Ziada ni saa 20 kwa wiki, 80 kwa wiki nne. Kikomo cha saa za ziada ni 50 katika wiki nne, ziwe zimekubaliwa, na hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Siku zako zote ziandike kwenye daftari kuanzia leo, muda wa kuingia na kutoka. Sikushauri uanze na sheria mezani, kwa sababu meneja akisikia kifungu anaacha kusikia mengine yote. Iwe nyuma yako. Ikishindikana tawini, andika kwa rasilimali watu kwa maandishi na ubaki na nakala. Zaidi ya hapo ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi.

Likizo yako ya mwaka ni siku 28. Ichukue, lakini usiichukue kama dawa. Nafuu ya likizo huisha ndani ya wiki chache mtu akirudi kwenye hali ile ile, na atakayerudi kwenye rundo la wateja 380 wasiotembelewa huimaliza siku ya kwanza. Kwanza pata jibu la maandishi: nani anashika wateja wako, na ukirudi utakuwa na wangapi.

Barua ya kuacha kazi usiiandike usiku, wala Jumapili. Jipe mizunguko miwili ya mwezi mwandamo, karibu siku 60, uone kama hata ombi moja kati ya yale matatu limesogea na kama nguvu zako za jioni zimepanda daftarini. Zikiwa hazijapanda na hakuna kilichosogea, basi kuondoka ni uamuzi wa mtu aliyepima, na mimi sitakulaumu. Anza kutafuta ukiwa bado ndani, weka akiba ya pango la miezi mitatu na ada ya mdogo wako kadiri utakavyoweza, na kumbuka kwamba kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28. Mumeo mwoneshe daftari. Anachokiona sasa ni ukali tu.

Halafu urudi Kibirizi. Nenda siku isiyo ya marejesho. Zifute zile picha za vichanja kabla hujashuka kwenye bodaboda. Dagaa wa bure usipokee, taasisi nyingi zinakataza zawadi ya mteja na inakuwekea deni; nunua kwake, kwa bei anayowauzia wengine, na umwombe radhi kwa siku ile. Mpe dakika 8 zake. Muulize usiku gani wa mwandamo pesa huanza kurudi nyumbani kwake, na jibu liandike palepale, mbele yake. Yeye ndiye jina la kwanza kwenye ukurasa utakaompelekea meneja Alhamisi.